Mzee wa kanuni: Robert Byrd na miaka 51 ndani ya Seneti

Usiku wa tarehe 9 Juni 1964, saa moja na dakika 38, seneta wa West Virginia anaitwa Robert Byrd alisimama kwenye ukumbi wa Seneti pale Washington akaanza kuongea, na hakukaa chini mpaka kesho yake saa nne kasoro dakika tisa asubuhi. Masaa 14 na dakika 13 jamaa anaongea tu. Muswada aliokuwa anaupinga ni ule wa haki za raia, ambao ulikuja kukataza mtu mweusi kunyimwa kazi, chumba cha hoteli au meza ya mgahawani kwa sababu ya rangi yake. Wakati huo ulikuwa umeshakwama Seneti zaidi ya siku 50 za kazi kwa sababu maseneta wa kusini walikuwa wanapokezana kuongea ili usifike kwenye kura. Hiyo mbinu ndo inaitwa filibusta, na kanuni za Seneti zilikuwa zinairuhusu, seneta akishapewa nafasi ya kuongea hamna wa kumkatisha labda maseneta 67 kati ya 100 wakubali kufunga mjadala, na kwenye miswada ya haki za watu weusi hizo kura 67 zilikuwa hazijawahi kupatikana hata mara moja.

Byrd alipomaliza wakaanza kuita majina. Kulikuwa na seneta wa California, Clair Engle, ana uvimbe kwenye ubongo na hata kuongea hawezi tena, wakamwingiza kwa kiti cha magurudumu. Jina lake likaitwa, akajaribu kutoa sauti ikagoma, basi akanyanyua mkono taratibu akaonyesha jicho lake. Kwa Kiingereza kura ya ndiyo na jicho vinatamkwa sawasawa, karani akaelewa, akaandika. Zikawa 71 kwa 29, mjadala ukafungwa, siku tisa baadaye muswada wenyewe ukapita. Engle alifariki mwezi uliofuata.

Sasa huyu Byrd aliyekesha anaongea ili watu weusi wasipate hiyo sheria ndo huyohuyo aliyekuja kumuunga mkono Barack Obama, mtoto wa Mkenya, mwaka 2008, na hapo katikati kuna miaka 44 ambayo watu wengi wanairuka. Kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia kuna picha zinarudi mitandaoni, mzee mwenye nywele nyeupe yupo na Hillary Clinton au na Joe Biden, chini wameandika eti huyu ndo alikuwa bosi mkuu wa Ku Klux Klan, kile chama cha siri cha wazungu wabaguzi. Hakuwa bosi mkuu, alikuwa kiongozi wa tawi la kwao, ila kwa kweli hiyo nayo sio ndogo. Upande wa pili wanakuletea stori ya toba, mtu mbaya kaona mwanga kawa mtu mzuri, mwisho wa habari. Mimi nimemfuatilia huyu mzee muda mrefu, kwa klipu za YouTube na kwa hotuba zake ambazo zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge lao, na stori zote mbili naziona nyepesi sana.

Tuanzie mbali. Alizaliwa tarehe 20 Novemba 1917 North Wilkesboro, North Carolina, na hakuzaliwa akiitwa Byrd, alipewa jina la Cornelius Calvin Sale. Mwaka uliofuata ile homa kubwa ya mafua iliyoua mamilioni duniani ikamchukua mama yake. Baba akawagawa watoto kwa ndugu. Huyu mdogo wa mwaka mmoja akaenda kwa shangazi yake na mume wa shangazi, Titus Byrd, wakambadilisha jina wakahamia naye West Virginia kwenye migodi ya makaa ya mawe. Maisha ya kambi za migodi zama zile ni kwamba nyumba ya kampuni, duka la kampuni, na mshahara mwingine unaishia hukohuko dukani. Kijana kazi yake moja ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya makombo ya chakula kwa ajili ya nguruwe wa mzee. Shuleni alikuwa kichwa, alimaliza sekondari 1934 akiwa wa kwanza darasani, lakini ilikuwa miaka ile ya mdororo mkubwa wa uchumi, hela ya chuo hamna. Akafanya kazi sheli, akauza duka, akajifunza kukata nyama buchani, 1937 akamuoa Erma, binti wa mchimba makaa, na wakati wa vita ya pili ya dunia akaenda kuchomelea vyuma kwenye viwanda vya meli Baltimore na Tampa.

Hapo kwenye miaka ya mwanzo ya 40 ndo Klan inapoingia, na naomba tukae hapa kidogo. Hakuburuzwa na mtu. Aliwaandikia mwenyewe, akaambiwa akusanye watu, akakusanya 150, marafiki na majirani wa eneo la Sophia. Akaja kiongozi wa Klan wa kanda kuzindua tawi, wakapiga kura ya kuchagua mkuu wa tawi, Byrd akapita bila kupingwa. Yule kiongozi akamwambia kijana una kipaji cha uongozi, nchi inahitaji watu kama wewe, na Byrd mwenyewe alikuja kusimulia uzeeni kwamba hayo maneno ndo yaliyomtia wazo la kuingia siasa. Yaani mtu wa kwanza kumwambia wewe ni mtu mkubwa alikuwa mtu wa Klan. Mtoto aliyegawiwa na baba yake, aliyekusanya makombo, hiyo sifa ilimwingia vibaya mno.

Na kuna barua. Miaka hiyohiyo ya 40 alimwandikia seneta Theodore Bilbo wa Mississippi, mbaguzi maarufu wa zama zile, kwamba yeye hatakubali kamwe kupigana jeshini bega kwa bega na mtu mweusi. 1946 akamwandikia mkuu wa Klan wa taifa kwamba chama chao kinahitajika leo kuliko wakati wowote na angependa kukiona kinafufuka West Virginia na kila jimbo la nchi. Shika huo mwaka, 1946, manake miaka yote yeye alisema aliachana na Klan mapema, alikosa hamu, akaacha kulipa ada.

Mwaka huohuo 1946 akagombea bunge la jimbo. Kampeni yake ilikuwa fidla. Anaingia mkutanoni anapiga nyimbo za milimani, watu wanapiga miguu chini, halafu ndo anaomba kura, na alikuwa anapiga vizuri kweli, baadaye akiwa kiongozi wa Seneti alirekodi albamu nzima. Akashinda. 1952 akagombea Baraza la Wawakilishi la taifa, wapinzani wakafukua habari za Klan, gavana wa chama chake mwenyewe akamtaka ajitoe. Hakujitoa, akakiri ujana, akashinda tena. 1958 akachaguliwa Seneti, Januari 1959 akaapishwa, na hakutoka humo mpaka kifo.

Kitu ambacho mimi kinanishangaza kuliko vyote kuhusu huyu mtu ni shule. Aliingia bunge la taifa hana digrii yoyote. Akaanza masomo ya sheria usiku, mchana mbunge usiku mwanafunzi, miaka kumi, na tarehe 10 Juni 1963 akapata digrii yake American University, mgeni rasmi alikuwa rais John F. Kennedy na ndo alimkabidhi cheti. Kesho yake, tarehe 11 Juni, Kennedy huyohuyo akaenda kwenye televisheni kuliambia taifa kwamba analeta muswada wa haki za raia. Na tarehe 10 Juni 1964, mwaka mmoja kamili tangu apewe cheti cha sheria, Byrd ndo yupo anamalizia yale masaa 14 ya kuuzuia. Sijui kama alifikiria hiyo tarehe. Mimi ningekuwa nimekaa pale juu kwa watazamaji ningeifikiria.

Digrii ya kwanza, ile ya kawaida, alikuja kuipata Marshall University 1994 akiwa na miaka 76. Mtu ameshakuwa kiongozi wa Seneti, kamati ya fedha ameshaishika, bado anataka cheti.

Lakini elimu yake ya kweli ilikuwa kanuni. Seneti ina kanuni chache zilizoandikwa na juu yake kuna mlima wa maamuzi ya zamani, nani aliamua nini mwaka gani, na maseneta wengi hawana muda na hayo, wanategemea wasaidizi. Byrd aliyasoma kama mtu anavyosoma msahafu. Nilimsimulia mjomba wangu habari hizi, yeye alikuwa karani wa vikao halmashauri miaka mingi, akacheka akaniambia, "Mjomba, hao ndo watu wa kuogopa kwenye kikao. Mwenye kelele unamzoea. Yule anayekuja na kabrasha la kanuni limepigwa mistari kwa peni nyekundu, huyo mpe chai ukae naye vizuri."

Na wenzake walikaa naye vizuri kweli. 1967 akapata kicheo cha katibu wa maseneta wa Democratic. Byrd akaigeuza kuwa duka la huduma, seneta gani anataka kura isogezwe mbele kwa sababu ana ndege ya kuwahi, nani anataka marekebisho yake yaingie kabla ya saa fulani, nani ana birthday, yote anashughulikia na akikusaidia anakuandikia barua yeye kukushukuru wewe. Wakati huo mnadhimu wa chama alikuwa Ted Kennedy, mdogo wake rais, tajiri, sura, jina, kila kitu, ila baada ya ajali ya gari ya Chappaquiddick ya 1969, ambayo binti aliyekuwa naye alikufa, alikuwa amepoa, kazi ndogondogo za cheo alikuwa hazifanyi. Januari 1971 Byrd akamvaa. Alikuwa na kura ya Richard Russell wa Georgia, mzee wa maseneta wa kusini, ambaye yuko hospitali mahututi na amemwachia Byrd apige kwa niaba yake. Sasa kura ya mtu aliyekufa haihesabiki, kwahiyo asubuhi ile Byrd alihakikisha kwanza kama mzee bado anapumua, akaambiwa anapumua, ndo akakubali jina lake lipendekezwe. Akashinda 31 kwa 24. Russell akafariki masaa machache baadaye siku ileile.

Hapo ndo utajua mtu wa aina gani. Hakuwa na jina la ukoo, hakuwa na hela, sura ya kawaida, sauti ya mhubiri wa kijijini. Kanuni ndo zilikuwa mali yake peke yake, na mtu aliyetoka kwenye nyumba ya kampuni anajua thamani ya kitu ambacho hakuna anayeweza kukunyang'anya. Kinachoniuma ni kwamba alipoipata hiyo silaha ya wanyonge, shabaha yake ya kwanza kubwa ilikuwa wanyonge kuliko yeye.

1977 akawa kiongozi wa walio wengi. Filibusta sasa akaiona kutoka upande wa pili, wengine ndo wanamchelewesha yeye, na akawa bingwa wa kuzivunja. Yeye na mtangulizi wake Mike Mansfield walishaweka utaratibu wa Seneti kuendelea na shughuli nyingine huku muswada uliowekewa filibusta umepaki pembeni, nia nzuri tu, kazi zisisimame, ila matokeo yake mtu hahitaji tena kusimama masaa 14 mguu ukufe ganzi. Siku hizi unatuma ujumbe kwamba unapinga, imetosha, zitafutwe kura 60, manake zile 67 zilishushwa 1975. Kwa maoni yangu hiki ndo kitu kikubwa zaidi alichoiachia Marekani na sidhani kama alikikusudia.

Cha kukusudia ni kile kinachoitwa kanuni ya Byrd ya mwaka 1985. Kuna aina ya muswada wa bajeti ambao unapita kwa wingi wa kawaida, filibusta haiugusi, na maseneta wakaanza kuchomekea humo mambo yasiyohusiana na hela. Byrd akaziba, kifungu chochote ambacho hakigusi bajeti moja kwa moja kinang'olewa. Februari 2021 Democrats walitaka kupandisha kima cha chini cha mshahara kifike dola 15 kwa saa kupitia muswada wa namna hiyo, mshauri wa kanuni za Seneti akasema hapana, kanuni ya Byrd inakataa. Mzee ana miaka zaidi ya kumi kaburini na bado anakata mishahara ya watu.

Kituko ambacho sichoki kukisimulia ni cha Februari 1988. Republicans walikuwa wanasusa kuingia ukumbini ili akidi isitimie kwenye muswada wa hela za kampeni. Byrd akafungua kanuni, akakuta kwamba Seneti inaweza kuagiza wasiokuwepo wakamatwe na kuletwa, kitu ambacho hakikuwa kimetumika tangu 1942. Usiku wa manane askari wa Seneti wakaanza kugonga milango. Seneta Bob Packwood wa Oregon alikuwa amejifungia ofisini ameweka kiti kizito nyuma ya mlango, wakausukuma, akaumia kidole, akakubali kutembea nao mpaka mlango wa ukumbi ila hapo akagoma, kama mnanileta basi nibebeni. Wakambeba. Saa saba na robo usiku seneta wa Marekani anaingizwa ukumbini miguu ikitangulia. Muswada wenyewe mwisho wa siku haukupita.

1989 akaachia uongozi wa chama kwa hiari akaenda kukalia kamati ya Seneti inayogawa fedha za serikali, na hapo West Virginia wakaanza kula. Aliahidi kuwapelekea dola bilioni 1 na akazipeleka mapema kuliko alivyoahidi. Kituo cha alama za vidole cha FBI kikatoka Washington kikaenda Clarksburg. Kikosi cha ulinzi wa pwani kikapata kituo cha kompyuta West Virginia, na hilo jimbo halina bahari, hata ukipanda mlima mrefu kuliko yote huioni. Novemba 1988 darubini kubwa ya redio ya Green Bank ilianguka yenyewe usiku, chuma chote chini, Byrd akatafuta hela, mwaka 2000 ikazinduliwa mpya ya mita 100, inageuka kila upande, na ina jina lake. Barabara zina jina lake, bwawa, mahakama, vituo vya afya, madarasa. Sanamu yake ikawekwa ndani ya makao makuu ya jimbo pale Charleston angali hai. Wapinga matumizi walimwita mfalme wa minofu na hakuona aibu hata kidogo, alikuwa anasema yeye anataka kuwa kiwanda cha West Virginia cha dola bilioni.

Sisi huku tungesema kaleta maendeleo jimboni, na ningekuwa mpiga kura wa Raleigh County ningempa kura bila kufikiri mara mbili. Ila angalia hesabu. 1950 West Virginia ilikuwa na watu milioni 2 na kidogo, sensa ya 2020 imekuta hawafiki milioni 1.8, na mpaka leo ni moja ya majimbo maskini kabisa ya Marekani. Makaa yalipopunguza watu kazini barabara nzuri ikawa ndo njia ya vijana kuondokea. Yeye mwenyewe alitetea makaa maisha yote, kisha Desemba 2009, amebakiza miezi, akatoa waraka akiwaambia wenye migodi wakubali kubadilika na waache kuwatisha watu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Aprili 2010 mgodi wa Upper Big Branch ukalipuka hukohuko Raleigh County alikokulia, wachimbaji 29 wakafa.

Kwa watu wa upande wetu wa dunia kuna sehemu moja alitugusa ambayo haitajwi sana. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani walikufa kwenye mapigano ya Mogadishu. Byrd kabla ya hapo alishakuwa analalamika kwamba jeshi lilipelekwa Somalia kulisha wenye njaa na sasa linawinda wababe wa kivita bila Bunge kuulizwa. Baada ya Mogadishu akaleta kifungu cha kukata hela za operesheni, wakavutana na serikali ya Clinton, ikakubaliwa mwisho ni tarehe 31 Machi 1994. Na kweli wakaondoka. Hoja yake haikuwa huruma kwa Wasomali, tusijidanganye, hoja ilikuwa kwamba pochi ya taifa iko mikononi mwa Bunge na rais asiyeomba hela vizuri asipewe. Alikuwa anatembea na kijitabu cha katiba mfuko wa koti, upande wa kifua, na akibanwa anakichomoa anakipunga.

Kijitabu hichohicho ndo kilinifanya nimjue. Klipu ya 2003, mzee wa miaka 85 mikono inatetemeka, anawauliza wenzake mbona ukumbi huu uko kimya, kimya cha kutisha, nchi iko mlangoni mwa vita na hamna anayejadili. Oktoba 2002 Seneti ilimpa George W. Bush ruhusa ya kuivamia Iraq kwa kura 77 kwa 23, Byrd akiwa kwenye wale 23, na tarehe 19 Machi 2003 vita vinaanza akasimama akasema leo nailia nchi yangu. Kulikuwa na sababu ya ziada. Agosti 1964, miezi miwili tu baada ya ile filibusta yake, alipiga kura ya ndiyo kwenye azimio la ghuba ya Tonkin lililompa rais Lyndon Johnson njia ya kwenda Vietnam, na kwenye mjadala wa Iraq alisema wazi kwamba ile kura anaijutia. Vijana wengi waliopinga vita walimpenda sana kipindi kile, video zake zilikuwa zinasambazwa na watu ambao hata hawakujua habari za Klan.

Sasa je alibadilika kweli? Mimi nasema ndiyo, ila sio kwa siku moja na sio kwa mstari ulionyooka. 1965 akapinga sheria ya haki ya kupiga kura. 1967 akapinga Thurgood Marshall kuwa jaji mweusi wa kwanza Mahakama ya Juu. Machi 1968 akapiga kura ya ndiyo kwenye sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba, halafu mwisho wa mwezi huohuo akasimama kumtukana Martin Luther King kwamba ni mchochezi anayejitafutia makuu, siku chache kabla King hajauawa Memphis. Yaani ndani ya mwezi mmoja unapata Byrd wawili. 1983 akaunga mkono siku ya King kuwa sikukuu ya taifa. 1991 akampinga Clarence Thomas, mtu mweusi mwingine aliyependekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, hapo sababu yake ilikuwa ushahidi wa Anita Hill, mwanamke aliyemtuhumu Thomas kwa unyanyasaji wa kingono, na mimi simlaumu. Miaka ya 2000 NAACP, chama kikongwe cha kutetea watu weusi, kikampa alama 100 kwa 100 kwa kura zake za Bunge moja zima. Na katikati ya hayo, 2001, kwenye mahojiano ya televisheni, ana miaka 83, likamtoka lile neno la matusi kwa watu weusi, mara mbili, akijaribu kusema kwamba hata wazungu wapo wa hovyo. Akaomba radhi. Alikuwa ameshaomba mara nyingi, alisema ameomba mara elfu na hajali kuendelea kuomba.

1982 mjukuu wake kijana alikufa kwenye ajali ya gari, na Byrd aliwahi kueleza kwamba msiba ule ulimfanya afikirie kuwa watu weusi nao wanawapenda watoto na wajukuu wao kama yeye anavyompenda wake. Ukisoma haraka unaona ni maneno mazuri, ukirudia unashtuka. Miaka 64 duniani, 23 ndani ya Seneti, ndo hilo linamjia! Lakini nadhani ndo ushahidi mzuri kuliko alama za NAACP, manake mtu anayedanganya angetunga kitu cha kumpendezesha zaidi.

Mei 2008, kwenye kura ya mchujo ya kumtafuta mgombea urais wa Democrats, West Virginia walimpa Hillary Clinton asilimia 67 dhidi ya Obama, na baadhi ya wapiga kura hawakuficha kwamba ishu ni rangi. Siku sita baadaye Byrd akatangaza kwamba yeye anamuunga mkono Obama. Alikuwa na miaka 90, hana uchaguzi mbele, hana cha kupata. Desemba 2009, mkesha wa Krismasi saa moja asubuhi, kuna theluji nje, wakamwingiza ukumbini kwa kiti cha magurudumu kupigia kura sheria ya bima ya afya ya Obama, na alipoitwa akasema hii ni kwa rafiki yangu Ted Kennedy, ndiyo. Kennedy, yuleyule aliyenyang'anywa cheo na Byrd 1971, alikuwa amefariki Agosti ya mwaka huo na uadui wao ulikuwa umeshakufa miaka mingi.

Byrd alifariki tarehe 28 Juni 2010, miaka 92, Erma alishamtangulia 2006. Jeneza lake liliwekwa ndani ya ukumbi wa Seneti, heshima ambayo haikuwa imetolewa tangu 1959. Kwenye ibada ya kumuaga pale Charleston Bill Clinton akasema ile Klan ilikuwa ya muda mfupi tu, kijana wa milimani anatafuta kuchaguliwa, na akatumia maisha yake yote kulipia. Mimi hapo nakataa. Ile barua ya 1946 ilikuwa ya siri kwa mkuu wa Klan, mpiga kura gani angeiona? Aliandika kwa sababu aliamini. Obama aliongea vizuri zaidi, alisimulia kwamba alipokuwa seneta mpya alienda kumsalimia, mzee akaanza mwenyewe, kuna mambo ya ujana wangu ninayajutia, huenda unayajua. Obama akamjibu kwamba hakuna asiye na majuto, seneta, ndo maana tunaitafuta neema ya Mungu.

Kiti chake Novemba ile kilichukuliwa na Joe Manchin. Januari 2022 Democrats walileta muswada wa kulinda haki ya kupiga kura, ukakwama kwenye filibusta, wakataka kubadili kanuni kidogo ili upite. Kura 52 dhidi ya 48 zikakataa, na Manchin alikuwa mmoja wa Democrats wawili waliokataa. Alikuwa kila akitetea msimamo wake wa kutogusa filibusta anamtaja Byrd. Hakukosea, maneno ya Byrd ya kuitetea yapo kibao. Kumbe pamoja na toba yote ile mzee kanuni zenyewe hakuzitubia, na Manchin hata hakuhitaji kukesha akiongea.